Feng Shanshan: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mchina wa Kwanza Kufika Kileleni mwa Gofu

Feng Shanshan ni nani?

Ni mchezaji gofu wa kulipwa, sasa mstaafu, aliyezaliwa Guangzhou, kusini mwa China, tarehe 5 Agosti 1989. Feng ni jina la ukoo, nalo kwa Wachina hutangulia. Kwenye mbao za matokeo za Marekani utamkuta kama Shanshan Feng. Ni yuleyule.

Mambo aliyoyafanya kabla ya Mchina mwingine yeyote ni mengi. Alikuwa wa kwanza kutoka China bara kuwa mwanachama wa LPGA. Alikuwa wa kwanza, wanaume na wanawake kwa pamoja, kutwaa taji kuu la gofu, yaani moja ya yale mashindano machache yanayohesabiwa kuwa makubwa kuliko yote ya mwaka. Medali ya kwanza ya China katika gofu ya Olimpiki ni yake. Namba moja duniani, hivyo hivyo. Aliacha kucheza akiwa na mataji 10 ya LPGA, na alitangaza kustaafu mwanzoni mwa Agosti 2022, siku chache kabla hajatimiza miaka 33.

Mimi ni mtu wa mpira wa miguu. Gofu inahesabiwaje?

Haraka haraka basi, maana bila hili namba zote zinazofuata hazitakuwa na maana. Uwanja una mashimo 18. Kila shimo lina kiwango chake: mikwaju mitatu, minne au mitano ambayo mchezaji mzuri anategemewa kuitumia hadi mpira uingie. Ukijumlisha mashimo yote unapata kiwango cha uwanja, mara nyingi 72 au 71. Mashindano makubwa huchezwa siku nne, raundi moja kila siku, na mwenye mikwaju michache kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo ukisikia mtu yuko "10 chini", amemaliza kwa mikwaju 10 pungufu ya kiwango. Kwenye gofu kuwa chini ndiyo raha yenyewe.

LPGA ndiyo nini?

Ni chama cha wachezaji gofu wa kulipwa wanawake, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1950 na wanawake 13. Kinaendesha mzunguko wa mashindano wa mwaka mzima, na siku hizi mzunguko huo unafika Japani, Korea Kusini, Malaysia, Thailand na China. Huingii kwa kulipa ada. Unapata kadi kwa kufanya vizuri kwenye mashindano ya kufuzu, na ukicheza vibaya msimu mzima unaipoteza. Kila mwanamke mwenye fimbo na ndoto anaitaka kadi hiyo.

Kabla yake si alikuwepo Yani Tseng? Naye si Mchina?

Swali hili halikosi, na mara nyingi huishia kwenye ugomvi. Yani Tseng ni wa Taiwan, na kwenye Olimpiki Taiwan hushindana kwa jina la Chinese Taipei. Tseng alitangulia kwa mbali: ana mataji makuu matano na alishika namba moja duniani tangu 2011 hadi 2013. Ukubwa wake hauna mjadala. Ndiyo maana maelezo makini kuhusu Feng husema "wa kwanza kutoka China bara", au humtaja kama mchezaji wa Jamhuri ya Watu wa China. Hapa nikisema China namaanisha hivyo, na siasa nawaachia wenyewe.

China ilikuwa na gofu kweli alipokuwa mtoto?

Kidogo sana, na hapa ndipo hadithi yake inapata uzito.

Baada ya mapinduzi ya 1949 gofu ilionekana kuwa anasa ya mabepari na wakoloni. Mfano mzuri uko Shanghai: uwanja wa gofu wa Waingereza ulio magharibi mwa jiji uligeuzwa, na mwaka 1954 ukafunguliwa kuwa bustani ya wanyama. Bado ipo hadi leo, wazazi wanawapeleka watoto kuwaona panda mahali ambapo mabwana walikuwa wakitembea na fimbo. Kwa zaidi ya miaka 30 mchezo huo haukuwepo nchini kwa maana yoyote ya maana.

Uwanja wa kwanza wa zama mpya ulifunguliwa 1984 huko Zhongshan, mkoani Guangdong, ukiwa umechorwa na Mmarekani Arnold Palmer. Guangdong haikuchaguliwa kwa bahati. Ndiyo mkoa unaopakana na Hong Kong na Macau, ndiko fedha za nje zilikokuwa zinaingia, na wafanyabiashara waliokuja na fedha hizo walitaka mahali pa kupiga mpira Jumapili. Guangzhou ndio mji mkuu wa mkoa huo. Mtoto aliyezaliwa pale 1989 alikuwa na nafasi ya kuona fimbo ya gofu. Angezaliwa mikoa ya ndani, huenda asingeiona hadi ukubwani.

Serikali yenyewe haikuwahi kuamua moja kwa moja kama inaupenda mchezo huu au inauchukia. Mwaka 2004 ilipiga marufuku ujenzi wa viwanja vipya ili kuokoa ardhi ya kilimo na maji, lakini viwanja viliendelea kuota, vingi vikiandikishwa kwa majina mengine. Oktoba 2009 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikapiga kura kuirudisha gofu kuanzia michezo ya 2016, na ghafla ikawa na faida kwa taifa, kwa kuwa ina medali. Oktoba 2015 Chama cha Kikomunisti kikauweka uanachama wa klabu za gofu unaopatikana kinyume cha taratibu miongoni mwa mambo yanayowatia wanachama wake hatiani, katika vita dhidi ya rushwa. Kisha Januari 2017 ikatangazwa kwamba kati ya viwanja 683 vilivyokaguliwa, 111 vimefungwa. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Feng akawa namba moja duniani. Ukitafuta picha moja ya gofu ya China, ichukue hiyo.

Alianzaje? Wazazi wake walikuwa matajiri?

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa chama cha gofu cha Guangzhou, na yeye ndiye aliyemtia mchezoni akiwa na miaka 10. Watu wakisikia gofu hudhani lazima nyumba ilikuwa na bwawa la kuogelea. Hapana. Mlango aliopitia ni ule ambao watoto wa watu wanaofanya kazi viwanjani wameupitia kila mahali: baba anajua nani ana ufunguo, nani ana mipira ya kuazima, na saa ngapi uwanja hauna watu.

Aliibuka kuwa bora miongoni mwa wasichana wa ridhaa nchini, lakini ubora huo ulikuwa na dari. Wapinzani walikuwa wachache, na makocha waliowahi kumlea bingwa wa dunia hawakuwepo. Akiwa na miaka 17 alipata ufadhili wa kwenda Hilton Head, jimbo la South Carolina, kwenye akademia ya vijana ambako kocha wake alikuwa Gary Gilchrist, mzaliwa wa Afrika Kusini. Gilchrist huyohuyo baadaye alimfundisha Yani Tseng pia, kisha Ariya Jutanugarn wa Thailand. Si rekodi mbaya kwa mtu mmoja.

Kuondoka nyumbani na umri huo, Kiingereza cha kuokoteza, chakula kigeni. Sitaongeza chumvi, wengi wetu tuna ndugu aliyepitia hayo. Desemba 2007, akiwa na miaka 18, aliingia kwenye mashindano ya kufuzu LPGA huko Daytona Beach, Florida, akashika nafasi ya 9 kwa kulingana na wengine. Kadi akaipata kwa jaribio la kwanza. Msimu wake wa kwanza ulikuwa 2008.

Mbona ushindi wa kwanza ulichelewa hadi 2012?

Kwa sababu miaka minne kwa mchezaji wa kawaida si kuchelewa. Tunaharibiwa na akina Lydia Ko wa New Zealand, walioshinda wakiwa bado wanavaa sare za shule. Feng alikuwa anajifunza viwanja vipya kila wiki, anavuka michujo, anakusanya fedha za kutosha kuilinda kadi, na mara kwa mara anakwenda Japani, ambako alianza kuzoea kushinda mwaka 2011.

Kisha ikaja Locust Hill, karibu na Rochester, jimbo la New York, Juni 2012. Yalikuwa mashindano ya LPGA Championship, taji kuu ambalo lilianza 1955. Uwanja ule ni mwembamba, una miti pembeni, na mpira ukitoka njiani unazama kwenye majani marefu ambayo fimbo inapita kama panga butu. Alicheza raundi ya kwanza kwa 72, ya pili 73, ya tatu 70. Kufikia Jumapili asubuhi alikuwa mkwaju mmoja tu chini ya kiwango, mikwaju mitatu nyuma ya anayeongoza, na kamera zilikuwa zinawafuata wengine.

Siku hiyo alipiga 67. Walio mbele yake walikuwa wakipoteza mkwaju hapa, mkwaju pale, yeye hapotezi kitu. Jumla 282, sita chini, mbele kwa mikwaju miwili ya wanne waliolingana nafasi ya pili: Mika Miyazato wa Japani, Ji Eun-hee wa Korea Kusini, Stacy Lewis wa Marekani na Suzann Pettersen wa Norway. Alikuwa na miaka 22. Kule Guangzhou, kwa tofauti ya saa 12, ilikuwa tayari ni Jumatatu, watu wanajiandaa kwenda kazini.

Ushindi wake wa kwanza kabisa wa LPGA ukawa pia taji kuu. Hakuna Mchina aliyewahi kulishika kabla yake, na hata wanaume wa China hadi leo hawajalipata.

Je, 2012 haikuwa bahati?

Walisema hivyo wakati ule, na nawaelewa. Gofu ina historia ya watu walioshinda taji kuu moja wakapotelea gizani. Kwa maoni yangu jibu lilikuja msimu wa mwisho wa mwaka 2013, na huo ndio mwezi na nusu ninaoupenda kuliko yote katika maisha yake ya mchezo, kuliko hata Locust Hill.

Oktoba LPGA walikuwa Beijing. Feng yuko nyumbani, watu wake wako kando ya kamba, wengi wao wanatazama gofu kwa mara ya kwanza na hawajui wakati gani wa kunyamaza. Anapigania taji na Stacy Lewis, ambaye mapema mwaka huohuo alikuwa amekaa kwenye namba moja duniani. Wanafika shimo la 18, la mwisho, Lewis yuko mbele kwa mkwaju mmoja. Ni shimo la mikwaju mitano. Feng analimaliza kwa mitatu. Mmoja nyuma amekuwa mmoja mbele, na hakuna shimo lililobaki.

Wiki chache baadaye, Novemba, akashinda mashindano ya kufunga msimu huko Naples, Florida, ambayo hukutanisha waliofanya vizuri mwaka mzima. Hundi ya mshindi ilikuwa dola 700,000, karibu mara mbili ya aliyopewa Locust Hill. Baada ya hapo neno bahati halikusikika tena.

Orodha kamili ya mataji yake ya LPGA ni ipi?

LPGA Championship mwaka 2012, Beijing na Naples 2013, Malaysia 2014, Malaysia tena na Toto Japan Classic 2016, Volvik huko Michigan, Toto Japan Classic na Blue Bay ya Hainan 2017, na Thornberry Creek, Wisconsin, Julai 2019. Hapo Thornberry alimaliza kwa 259, yaani 29 chini, mkwaju mmoja mbele ya Ariya Jutanugarn. Namba hiyo inatisha hadi ukumbuke kwamba mwaka mmoja nyuma, uwanja huohuo, Kim Sei-young wa Korea Kusini alimaliza 31 chini na kuweka rekodi ya LPGA. Uwanja wa kirafiki ule.

Angalia ramani: sita kati ya kumi ni Asia. Wachezaji wengi huliona tawi la Asia la msimu, kuanzia Oktoba, kama safari ndefu ya kuchosha. Kwake ilikuwa kurudi karibu na jikoni kwa mama.

Na Dubai? Nasikia alikuwa kama mwenyeji.

Alishinda Dubai Ladies Masters mara nne: 2012, 2014, 2015 na 2016, kwenye uwanja wa Majlis wa Emirates Golf Club, ule wenye jengo la klabu lenye umbo la mahema ya Mabedui. Ni mashindano ya mzunguko wa Ulaya, kwa hiyo hayamo kwenye ile kumi. Jamaa zetu wanaofanya kazi huko Ghuba waliokwenda kuangalia kila Desemba walimwona akinyanyua kombe lilelile hadi likawa jambo la kawaida.

Ilikuwaje Rio 2016?

Wanawake hawakuwa wamecheza gofu kwenye Olimpiki tangu Paris 1900. Wanaume kadhaa wakubwa walijitoa Rio, wengi wakitaja virusi vya Zika. Wanawake walikuja karibu wote, na mashindano yao yakawa matamu zaidi.

Park In-bee wa Korea Kusini, aliyekuja na kidole gumba kibovu, alitwaa dhahabu kwa 16 chini. Lydia Ko wa New Zealand fedha, 11 chini. Feng shaba, 10 chini, jumla 274. Nyuma yake kwa mkwaju mmoja walibanana watatu: Nomura Harukyo wa Japani, Stacy Lewis na Amy Yang wa Korea Kusini. Yaani mpira mmoja ungegoma mdomoni mwa shimo katika siku nne, angeingia kugombea medali upya, na huenda angetoka mikono mitupu.

Kwa mchezaji wa Marekani shaba ile ingekuwa kumbukumbu nzuri ya kutundika ukutani. China medali ni lugha ambayo idara za michezo zinaielewa, na mchezo wenye medali hupata bajeti, makocha na watoto. Baada ya Rio mtu aliweza kuutetea mchezo ule mbele ya ofisa yeyote bila kutaja neno "klabu".

Ni kweli aliipoteza U.S. Open mkononi?

U.S. Open ya wanawake ni taji kuu jingine. Mwaka 2017, Bedminster, New Jersey. Aliongoza baada ya raundi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Jumapili kasi ikamwishia, Park Sung-hyun wa Korea Kusini, mgeni wa msimu, yaani aliyekuwa kwenye msimu wake wa kwanza LPGA, akampita. Feng alifika shimo la 18 akihitaji muujiza, akalimaliza kwa mikwaju mitatu juu ya kiwango na kuporomoka hadi nafasi ya tano kwa kulingana.

Wapo wanaoliona hilo kama doa. Mimi naona mchezaji aliyejua nafasi ya pili haimwongezei kitu, akajaribu. Usilisahau jina la Park Sung-hyun. Linarudi swali lijalo.

Namba moja duniani inapatikanaje, na aliipataje?

Orodha ya dunia ya wanawake inaangalia miaka miwili ya nyuma. Kila mashindano yana pointi kulingana na ubora wa walioshiriki, za wiki 13 za karibuni zina uzito wote, za zamani hupungua kidogo kidogo. Kisha jumla inagawanywa kwa idadi ya mashindano uliyocheza. Kwa hiyo kucheza kila wiki bila kufanya vizuri kunakushusha, na kukaa nyumbani hakukusaidii.

Mwanzoni mwa Novemba 2017 Park Sung-hyun alifika namba moja, mgeni wa kwanza wa msimu kufanya hivyo. Watu wakaanza kuandika kuhusu zama zake. Feng alishinda Japani, akapanda ndege hadi kisiwa cha Hainan, akashinda tena kwa mkwaju mmoja mbele ya Moriya Jutanugarn, dada yake Ariya. Wiki mbili, mataji mawili. Tarehe 13 Novemba jina lake lilikuwa juu kabisa, na zama za Park zikawa zimedumu wiki moja.

Alikaa pale wiki 23, hadi Park In-bee alipomwondoa Aprili 2018.

Alikuwa na kipaji gani hasa? Alipiga mbali?

Hapana. Wapo waliompita mita nyingi kila shimo. Silaha yake ilikuwa usahihi: mpira unakaa njiani, mkwaju unaofuata unatua kwenye nyasi fupi zilizozunguka shimo, kisha tena, kisha tena. Ukimtazama kwa dakika kumi unaweza kusinzia. Ukitazama ubao wa matokeo baada ya saa nne unaamka.

Tabia yake ilisaidia. Kwenye mchezo wa watu wanaong'ata meno alikuwa mcheshi, anataniana na waandishi wa habari, hakujifanya mtumwa wa mazoezi. Na alikuwa na suruali zake. Suruali zenye madoa meusi na meupe kama ng'ombe wa maziwa zilikuwa alama yake kiasi kwamba mashabiki walimtambua kutoka mashimo mawili mbali bila kuhitaji kuona uso.

Alipata fedha kiasi gani?

Zawadi za LPGA peke yake zilipita dola milioni 11. Za Japani, Dubai na mikataba ya matangazo hazimo.

Kwa nini alistaafu akiwa na miaka 32?

Ukiuliza mtu wa gofu ya wanaume atashangaa, maana wao wanacheza hadi mvi. Lakini hesabu upya: aliondoka nyumbani na miaka 17, akaishi na begi kwa miaka 15. Korona ilipoingia alibaki China na kukosa msimu wa 2020. Aprili 2021 akarudi California kwenye ANA Inspiration, taji kuu, bila kuwa amecheza LPGA tangu Novemba 2019, akamaliza nafasi ya tatu kwa kulingana na wengine. Mtu aliyechoka kimchezo hafanyi hivyo. Alikwenda Olimpiki ya Tokyo mwaka huo, hakupata medali, na mwaka uliofuata akaaga.

Nadhani aliondoka kwa sababu alikuwa amemaliza alichokuja kufanya. Wapo wanaosema angebaki angepata taji kuu la pili. Labda. Lakini hakuwahi kucheza kwa ajili ya orodha za watu wengine.

Yumo kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa LPGA?

Hapana. Ukumbi ule unadai pointi 27: ushindi wa kawaida pointi moja, taji kuu mbili, na nyingine kwa tuzo za mwaka na dhahabu ya Olimpiki. Yeye ana 11. Mfumo huo haujui kuhesabu "wa kwanza", na hapo naona una upungufu.

Anafanya nini sasa?

Alikwishafungua akademia ya watoto Guangzhou kabla hajastaafu, kisha akachukua kazi ya kufundisha timu ya taifa. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 alikuwa kando ya uwanja kama kocha, na Lin Xiyu, aliyekuwa amecheza naye timu moja Rio, akaleta shaba. Medali ya pili ya China katika gofu, rangi ileile. Dhahabu ilikwenda kwa Lydia Ko na fedha kwa Esther Henseleit wa Ujerumani. Wasomaji wa Kilifi huenda wanalikumbuka jina hilo la mwisho: Desemba 2019 Henseleit alishinda Magical Kenya Ladies Open pale Vipingo Ridge, ushindi wake wa kwanza katika mzunguko wa Ulaya.

Nani amechukua nafasi yake?

Yin Ruoning wa Shanghai, aliyezaliwa Septemba 2002. Juni 2023, akiwa na miaka 20, alishinda Women's PGA Championship huko Baltusrol, New Jersey. Hayo ni mashindano yaleyale aliyoshinda Feng mwaka 2012, ila yalibadilishwa jina mwaka 2015. Septemba 2023 akawa Mchina wa pili kuwa namba moja duniani.

Kwa hiyo Yin atampita?

Kwa kasi aliyoanza nayo, dalili zote zinasema ndiyo. Hadi mwisho wa 2024 alikuwa na mataji matano ya LPGA, moja likiwa la kucheza wawili wawili na Jeeno Thitikul wa Thailand, na ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka 22. Feng katika umri huo alikuwa na moja. Tofauti ni kwamba Yin alipoanza, akademia, wafadhili na mfano wa Mchina aliyewahi kuwa namba moja vilikuwa vimeshapatikana kwao. Hakulazimika kuvuka bahari ili ajue kiwango cha dunia kikoje. Kama mataji yake yatafika kumi kabla ya 2030, mimi sitashangaa. Linalonitia shaka ni kama atavumilia maisha ya begi kwa miaka 15.